Nyuzi Nane

Mwihoko, Ruiru
Jumatatu, 6 Januari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Wi museo? Hujambo? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Januari haijakushika kifua. Mimi mzima kiasi, namshukuru Mungu.

Ni mimi, Kamene. Nataja jina mapema usije ukadhani ni barua ya michango ya kanisa. Imepita miaka mitatu na miezi mitano tangu tumzike mama, Mwaitu wetu, na tangu uniambie pale kaburini, watu wote wakisikia, kwamba naunganisha Ruiru nzima na intaneti lakini siku mama yangu anakufa sikupatikana. Ukasema mguu wangu usikanyage Ngoingwa tena. Haujakanyaga. Unajua nimerithi ukaidi kwa nani.

Bado nafanya kazi ileile, kupanda juu ya maploti, yale magorofa ya kupanga, ya Mwihoko na Kiuu nikivuta kebo. Juzi vijana ninaofanya nao kazi waliniambia faiba ya intaneti imefika barabara yako. Basi nimekufungia katoni, na Macharia wa mayai amekubali kuibeba kwa sababu kila Jumanne na Ijumaa anatoka huko kuleta mayai kwenye maduka ya huku. Ndani kuna rauta mbili, swichi ndogo yenye matundu matano (si ya taa, Baba, usiipigilie ukutani), mita thelathini za kebo, vichwa vya kebo, koleo la kuvibania, na tableti. Vijana wa faiba watakuja wiki ijayo, nimeshapanga nao.

Najua simu haikufai. Masikio yako yalibaki kule kiwandani kwenye mashini za kufuma. Najua pia SMS huziandiki tangu siku ile, na sababu naijua. Lakini mdomo unausoma. Uliusoma wa Mwaitu na ukausoma wangu, na sijaona mdomo mwingine uliojisumbua kuusoma. Nataka picha safi, isiyokwama, ili unione nikisema. Kuna swali moja nataka kukuuliza, na sitaki kuliandika. Barua mtu huandika akafuta akaandika tena. Nataka nikuulize nikikutazama usoni, na nione uso wako ukinijibu.

Sisemi nitakuja. Wewe pia usije, neno lako ni neno lako. Fungua tu katoni.

Mwanao,
Kamene


Ngoingwa, Thika
Ijumaa, 17 Januari 2025

Kamene,

Wakya. Salamu hainyimwi mtu, hata aliyekukosea, kwa hiyo nauliza: hujambo? Unakula? Mimi magoti yananisumbua. Ng'ombe nilishauza, kuku wamebaki sita, na jogoo ni mgonjwa. Hayo ndiyo mapya ya huku.

Katoni ilifika. Macharia aliiweka mlangoni akanieleza maneno mengi, lakini ule mswaki aliofuga chini ya pua umemfunika mdomo wote, niliona nywele tu zikicheza. Mwishowe akachana kipande cha trei ya mayai akaandika: "Ya Kamene. Usitupe." Sikutupa. Niliisukuma chini ya kitanda.

Nakuambia wazi kwamba mimi sikuomba vitu. Mama yako alipolala pale sakafuni nilikutumia SMS saba. Saba, Kamene. Nilizihesabu na bado nazihesabu. Ulizisoma jioni, mama ameshakuwa baridi. Sasa unaniletea swichi.

Siku ya tatu niliifungua, kuangalia kama kuna mende. Nikakata kipande kidogo cha kebo nione ndani. Nyuzi nane! Aliyezisokota anajua kazi. Ziko mbilimbili, kila wa rangi na mwenzake mwenye mstari mweupe, zimekumbatiana kutoka mwanzo wa bunda hadi mwisho. Nilikaa nazo mkononi mpaka chai ikapoa. Miaka thelathini na mmoja niliyosimama kwenye mashini namba kumi na nne, sikuwahi kuona uzi uliosokotwa kwa adabu namna hiyo.

Vijana wa faiba walikuja Jumanne. Niliwavulisha viatu kwanza, zulia ni la mama yako. Rauta wameiweka juu ya kabati la sebuleni, nami nimeifunika na kile kitambaa cheupe alichoshona mama yako ili isishike vumbi. Inawaka taa. Lakini mimi silali nyumba kubwa siku hizi, nalala chumba cha nyuma palipo na mtambo wangu wa kufuma kwa mkono, na huku tableti yako inaonyesha kiduara kinachozunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa.

Kama una maelezo, andika. Hilo halimaanishi kwamba nimesahau.

Babako,
Urbanus Mwau


Mwihoko, Ruiru
Jumapili, 26 Januari 2025

Baba mpendwa,

Habari za magoti? Na jogoo? Barua yako nimeisoma mara nne. Emmah, jirani yangu wa mlango wa pili, ameniuliza kama nimepata mchumba.

Kwanza toa kitambaa cha Mwaitu juu ya rauta, tafadhali. Ile kitu hupata joto, inataka kupumua. Kitambaa weka chini yake, kiendelee kupendeza.

Waifai haitafika chumba cha nyuma. Kuna kuta tatu za mawe katikati, na mawe ya zamani si mchezo. Kwa hiyo utavuta kebo kutoka sebuleni, upitishe juu ya dari ya jikoni, mpaka chumbani kwako. Huko itaingia kwenye swichi, na kutoka kwenye swichi waya mfupi ulio katonini, nilioutengeneza mwenyewe, utaingia kwenye rauta ya pili. Ile ndiyo itakayolisha tableti. Fundi mwingine ningemtuma, lakini nakujua, ungemsimamisha getini mpaka achoke. Na mikono yako ni mizuri kuliko ya vijana wangu wote.

Sasa vichwa. Kila mwisho wa kebo, fungua nyuzi, zinyooshe, kisha kutoka kushoto, kile kiulimi cha kichwa kikiwa upande wa chini, uzipange hivi: wa chungwa wenye mstari mweupe, wa chungwa, wa kijani wenye mstari mweupe, wa bluu, wa bluu wenye mstari mweupe, wa kijani, wa kahawia wenye mstari mweupe, wa kahawia. Utaona wa kijani wametenganishwa na wa bluu wakaingia katikati yao. Si kosa. Ndivyo inavyotakiwa, na ukinirekebisha hapo, Baba, kazi yote imeharibika. Ukimaliza, taa kwenye swichi iwe ya kijani. Ikiwa ya chungwa, kuna mahali pamekosewa.

Jumapili tarehe 16 Februari, saa tisa mchana ukishatoka kanisani, nitakupigia kwenye tableti. Itatetemeka mezani. Gusa kile kialama cha kijani.

Nina haraka kwa sababu hii. Nina kidonda kwenye ulimi. Nilidhani ni cha kujiuma, nikakipuuza, sasa kimekuwa na shina. Alhamisi tarehe 20 watakitoa pamoja na sehemu ya ulimi na kipande cha taya. Daktari anasema nitaishi, lakini maneno yatapinda. Mdomo unaoujua wewe hautakuwepo tena. Ndiyo maana nataka nikuulize kabla.

Usishtuke. Nakula uji, na uji haujawahi kuua mtu.

Mwanao,
Kamene


Ngoingwa, Thika
Jumapili, 9 Februari 2025

Kamene,

Wakya. Unaendeleaje na hicho kidonda? Shangazi yako Wavinya alikuwa na jipu kwenye ufizi, likapasuliwa, na mpaka leo anaongea kuliko redio. Madaktari hupenda kutisha watu. Sukutua na maji ya chumvi.

Kazi nimemaliza! Siku nne nimepanda na kushuka ngazi na haya magoti, kwenye dari ya jikoni nimetoka na utando wa buibui kichwani, lakini kebo imepita, imelala sawa, haina kona mbaya hata moja. Ungeiona ungenyamaza.

Ila wale waliokufundisha walikuongopea kwenye ule mpangilio wa nyuzi. Nilizipanga mara ya kwanza ulivyosema, nikazitazama, moyo ukakataa. Unamtoaje wa kijani kwa mwenzake, unamtia wa bluu katikati, halafu unaita kazi? Mfumaji akifanya hivyo msimamizi anamfukuza siku hiyohiyo. Mimi nimezipanga kila mmoja na wake: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Mwisho huu na mwisho ule sawasawa. Zimekaa vizuri hata nikaona uchungu kuzifunika na kichwa.

Na imewaka! Tableti imepata intaneti, kiduara kimekoma. Taa ya kwenye swichi ni ya chungwa. Ulisema ya kijani, lakini taa ni taa, mradi inawaka.

Macharia amesema, yaani ameandika kwenye trei, kwamba pikipiki yake ina shida ya cheni, huenda barua ikachelewa. Haidhuru. Tutaonana Jumapili. Nimepiga pasi lile shati la buluu.

Babako


Ngoingwa, Thika
Jumatatu, 17 Februari 2025

Kamene mwanangu,

Wakya, wakya. Umeamkaje leo? Mimi nimeamka mwepesi. Hata magoti yamenisahau.

Nimekuona. Miaka mitatu na nusu, kisha ghafla uko pale juu ya meza yangu, na lile pengo la meno ya mbele bado unalo. Umekonda. Shavu la kushoto limevimba lakini macho ni yale ya mama yako. Nilikuwa nafuta kioo na kidole kana kwamba wewe ndiye uliyeshika vumbi.

Picha ilikuwa ikikatikakatika kidogo, ikigeuka vibokisibokisi kama shuka la Kimasai, lakini usijali, mimi ni mzee wa kazi. Hakuna neno lililonipita. Ulivyoniuliza nilikuelewa, na nilikuitikia kwa roho yangu yote.

Uliinamisha kichwa, kisha picha ikapotea. Nilidhani ulilemewa na furaha, kwa sababu mimi pia nililemewa. Nilienda kwa kaburi la mama yako nikamwambia kwamba tumeongea.

Alhamisi usiogope kisu. Nakuombea. Ukitoka huko nitakupigia mimi, nimeshajua pa kugusa.

Babako


Ngoingwa, Thika
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kamene,

Wakya. Mzima huko? Mwezi mzima sijapata hata mstari. Nimekupigia kwenye tableti kila Jumapili saa tisa. Inazunguka, inazunguka, halafu inakufa.

Macharia nimemuuliza. Ametikisa kichwa na kuandika: "Mlango uko na kufuri. Jirani anasema ako hosi." Barua zangu zote mbili anasema alimwachia huyo Emmah siku moja, Ijumaa ya tarehe 21, kwa sababu pikipiki ilikuwa haijapona. Hospitali gani? Hakujua. Nilitaka kuvaa viatu nije, nikafika hadi getini. Kisha nikakumbuka nilivyosema mbele ya watu wote wale, na mimi mzee wa kanisa. Nikasema, akitoka ataandika mwenyewe.

Andika basi.

Babako


Ngoingwa, Thika
Jumapili, 20 Aprili 2025

Kamene,

Wakya. Leo ni Pasaka. Nimechinja yule jogoo kabla hajafa mwenyewe. Nimekula peke yangu, nimekuwekea paja, na sasa paka analitazama.

Nimekukosea nini tena? Si tuliongea? Si nilikuitikia?

Babako


Mwihoko, Ruiru
Jumapili, 4 Mei 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Nilitoka hospitali mwisho wa Machi. Walikata zaidi ya walivyosema. Sina ulimi wa kusemea, Baba, na nusu ya taya ya kushoto haipo. Nakula kwa mrija. Nikitaka kitu naandika kwenye daftari, na Emmah anasoma. Sasa kile kidonda kimerudi shingoni. Wananitaka tena wiki hii, na safari hii daktari hakusema nitaishi. Alisema, "Tutaangalia."

Barua zako Emmah alinipa zote kwa pamoja siku niliyorudi. Nilizitia chini ya godoro bila kuzifungua. Nilikuwa nimeshapata jibu langu Jumapili ile, sikutaka kulisoma tena kwa kalamu. Jana tu ndipo nilipozifungua, maana nilifikiri, kama ni kwenda, niende nikiwa nimemsoma baba yangu.

Nikafika kwenye ile ya tarehe tisa. Ya nyuzi.

Nililia, Baba, na kulia bila ulimi ni jambo baya, usiombe kuliona. Mimi ni fundi. Ule uzi wa kijani hutenganishwa na mwenzake kwa sababu tundu la tatu na la sita ndiyo hufanya kazi pamoja, na lazima nyuzi zake ziwe zimesokotwa pamoja. Ulivyozipanga wewe zinapendeza, lakini kinachopita kwenye uzi huu kinavujia ule mwingine, na picha inavunjika. Taa ya chungwa ilikuwa inakuambia hivyo. Jumapili ile picha yako ilikwama huku pia, nikadhani ni mtandao wetu wa Mwihoko. Hukuweza kusoma mdomo wangu. Haiwezekani.

Halafu nikafungua ile ya tarehe kumi na saba. Umesema hakuna neno lililokupita. Umesema uliniitikia kwa roho yako yote.

Sasa niamini ipi? Kama fundi naamini waya. Kama mtoto naamini barua ya baba yangu. Nimekaa na hizi karatasi mbili magotini tangu jana.

Basi nitaandika lile nililokataa kuandika. Nilikuuliza hivi: "Baba, ni mimi niliyemuua Mwaitu?" Siku ile simu yangu ilikuwa kwenye mfuko chini ya ngazi kwa sababu ya mvua, na mimi niko juu ya paa kule Kiuu, nikiunganishia watu wasiomjua mama yangu wala baba yangu. Niliporudi chini nilikuta SMS saba. Nimeziweka mpaka leo. Kila simu ikitetemeka naziona. Nilitaka kujua kama wewe, baada ya hasira kuisha, bado unaniona ni mimi.

Nilipouliza, picha ilitulia kwa sekunde chache. Nikaona uso wako vizuri. Ukaitikia kwa kichwa. Nikauliza tena, kwa kudhani hukuelewa. Ukaitikia tena, ukitabasamu.

Niliingia kwenye chumba cha kisu na tabasamu hilo.

Kama una nguvu, kata vile vichwa, uzipange nilivyokuandikia. Lakini mdomo wangu haupo tena wa kusoma, kwa hiyo nijibu kwa njia yoyote. Nijibu upesi, Baba.

Mwanao,
Kamene


Hospitalini, Ruiru
Jumatano, 7 Mei 2025

Kamene, mwanangu, mama yangu,

Wakya. Usijisumbue kuitikia. Nauliza hujambo na huku nimetoka kukuona sasa hivi.

Naandika nimekaa kwenye benchi la nje ya wadi. Saa za kuona wagonjwa zimeisha. Karatasi ni nyuma ya barua yako, kalamu nimeazima kwa mama mmoja anayemngoja bintiye. Nitaiacha chini ya mto wako wakiniruhusu kuingia tena jioni.

Barua yako nilipewa na Macharia jana asubuhi, aliporudi kutoka kwenu. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimeketi. Kisha nikachukua koleo. Nimeharibu vichwa vitatu, lakini nilizipanga ulivyosema, nikamtoa wa kijani kwa mwenzake na moyo wangu wote ukiuma, mwisho huu na mwisho ule. Taa ikawaka ya kijani. Nikakupigia.

Alipokea Emmah, uliyemwachia simu yako. Kamene, picha ilikuwa safi! Niliona kovu dogo kwenye kidevu chake. Niliona mpaka nyuzi za leso aliyojifunga. Ni mtu nisiyemjua, sijawahi kusoma mdomo wake hata siku moja, na nilimsoma kila neno. Alisema, "Mzee, wamempeleka hospitali jana, ako vibaya. Kuja." Kuja. Hakuna hata neno moja lililopotea.

Nikavaa viatu. Getini sikusimama.

Sasa nisikilize. Siku ile sikuona kitu. Niliona paji lako la uso, kisha vibokisi, kisha sikio lako, kisha mdomo umesimama wazi bila kusema. Sikuelewa neno. Niliitikia kwa sababu niliona aibu. Ndivyo sisi viziwi tulivyo, mwanangu. Mtu akisema mara mbili tusipopata, ya tatu tunaitikia tu na kutabasamu ili aache kutuhurumia. Nami nilikuwa nimejisifu kuhusu zile nyuzi. Ningekuambiaje kwamba kazi yangu haioni? Nikaandika kwamba hakuna lililonipita. Nilikuongopea, na hata wewe ulipouliza mara ya pili nilitabasamu nione kama nitakufurahisha.

Si wewe. Nakuambia mbele za Mungu, si wewe.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mama yako alipoanguka alikuwa bado ananiona. Alinyoosha kidole kuelekea kwa Mwalimu Wanja, ile nyumba ya ua wa miiba ya kei-apple, yenye gari. Alisema, "Enda kwa Wanja." Niliusoma mdomo wake vizuri, haukukatika. Nilifika mpaka mlangoni kwetu. Nikashindwa. Wiki iliyotangulia Mwalimu Wanja alikuwa amenieleza jambo barabarani, nami sikulipata, nikamwitikia kwa kichwa, nikamwambia, "Asante, Mungu ni mwema." Kumbe alikuwa ananiambia kakake amekufa. Watu waliokuwepo walinitazama. Nilikuwa sijamwangalia usoni tangu siku hiyo. Basi badala ya kuvuka barabara hatua arobaini, nilirudi nikaketi kando ya mama yako, nikaanza kukuandikia wewe SMS. Moja, mbili, mpaka saba. Gari lilikuwa pale. Niliona paa lake dirishani.

Ni mimi. Nilijua tangu siku ile kwamba ni mimi, na sikuweza kulibeba, nikakutwika wewe pale kaburini mbele ya watu, na wewe ukalibeba kwa sababu u mtoto mzuri. Umelibeba mpaka limekuotea mdomoni. Madaktari watasema sivyo. Mimi naliona hivyo.

Haya yote niliyaandika kwa kifupi jana nilipofika, kwa herufi kubwa, kwenye kipande cha katoni ile ya rauta ambacho nilikuja nacho: SI WEWE. NI MIMI. NISAMEHE. Nilikishika mbele ya uso wako. Muuguzi alikuwa ametoka kukuchoma sindano ya maumivu na macho yako yalikuwa nusu. Nilikishika mpaka mikono ikafa ganzi. Leo nikakishika tena.

Leo uliitikia kwa kichwa. Mara mbili.

Nami nazijua ishara hizo, Kamene. Nimeishi kwazo miaka ishirini. Nilikutazama machoni nitafute kama umesoma, au umeniitikia tu ili mzee aache kusimama pale na katoni yake. Sikuweza kujua. Nimesoma midomo miaka yote hiyo na sikuweza kukusoma wewe.

Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba hakuna tena pa kukata, na kwamba nikae karibu. Nimekaa. Nilitaka kukuuliza jambo moja tu. Kama ulisoma katoni yangu, ukiamka andika alama yoyote hapo chini, hata mstari. Nitakuachia kalamu. Huyu mama nitamwomba aniwie radhi.

Nyumbani taa ni ya kijani. Sijaizima.

Muuguzi ametoka wadini, amesimama mbele yangu. Amevaa barakoa, mdomo siuoni, lakini naona inacheza, anasema jambo. Amenishika bega. Mara hii sitaitikia kwa kichwa. Ngoja nimpe kalamu aandike